Nukta Nne Mashariki

Katika ofisi ya hali ya hewa palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Mzee Ufukwe, na kama alikuwa na jina jingine, lilikuwa limebaki kwenye makabati ya utumishi likila vumbi. Jina la Ufukwe alipewa kwa sababu ya kazi yake. Kila picha iliyoshuka kutoka kwenye setilaiti ilipitia mezani kwake kwanza, akaiweka sawa juu ya ramani, ndipo ikaenda kwa wengine. Na alijua kujisifu, Mungu amsamehe. Mgeni yeyote aliyeingia chumba kile, hata aliyekuja kutengeneza kiyoyozi, hakutoka bila kuelezwa.

"Setilaiti iko juu mno," alikuwa akianza, huku amemshika mgeni mkono asije akakimbia. "Inatutazama kutoka mbali kwa jicho moja. Ikitikisika kidogo tu, kama mtu aliyekohoa, huku chini picha nzima inahama. Utakuta ziwa limepanda mlimani. Sasa nani analirudisha ziwa mahali pake?"

Mgeni alitakiwa kusema, "Ni wewe, mzee." Wengi walisema, ili waachiwe mkono.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubezwa. Kwenye skrini yake kulikuwa na mstari mweupe uliochora mwambao wa ziwa kubwa, rasi zake na ghuba zake, pamoja na kisiwa kilichokaa katikati kama kifungo cha shati. Picha ikifika, Ufukwe alitafuta ukingo wa maji, kisha kwa vitufe vya mishale akaisukuma picha, nukta moja kushoto, nukta mbili juu, mpaka ukingo wa maji ukalala juu ya mstari. Nukta moja pale kwenye skrini ilikuwa kilomita tatu ardhini. Picha ikishatulia, mstari uliondolewa, picha ikaenda meza ya pili kwa Mtabiri, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni, ambaye aliitandaza juu ya ramani yake ya miji na wilaya na kusema mvua itanyesha kwa nani.

Kisha akaja binti. Alitoka chuoni moja kwa moja, akaajiriwa kwa majaribio, na kabla hajakaa vizuri akapewa jina la Nukta, maana kila kitu alikipima kwa nukta. Hata sukari ya chai aliomba nukta mbili. Mama yake, huko nyumbani kwao, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anaongea na setilaiti.

Nukta alitengeneza programu. Ilitafuta yenyewe rasi na visiwa ndani ya picha, ikavilinganisha na mwambao uliopimwa upya na wapima ardhi, ikaiweka picha mahali pake kabla Ufukwe hajamaliza kufuta miwani. Mkurugenzi, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, aliipenda sana. Ofisi ilikuwa imeanza kutoa tahadhari za mji kwa mji badala ya zile za zamani za mkoa mzima, na kwa tahadhari za namna hiyo picha ikihama kidogo unawaambia watu uongo. Aliagiza programu iwashwe, ila picha ziendelee kupita kwa Ufukwe azitupie jicho la mwisho.

Jicho la mwisho likaona makosa. Kila picha iliyotoka kwenye programu ya Nukta, ikiwekwa kwenye skrini ya Ufukwe, ilikuwa imepotoka. Maji ya ziwa yalikuwa upande wa magharibi wa mstari, nukta nne kamili. Ufukwe alichekelea. Aliisukuma nukta nne mashariki, ikakaa, akageuka kwenye kiti chake ili watu wamsikie.

"Programu ya binti yetu ina makengeza," alisema. "Lakini tutailea hivyo hivyo, ni mtoto wetu."

Watu walicheka. Kila siku alisukuma nukta nne, na kila siku alikuwa na neno jipya la kuisema ile programu. Mara imeamka vibaya, mara inahitaji miwani, mara imekunywa. Ilikuwa burudani ya asubuhi. Nukta naye alicheka, kwa namna mdogo anavyocheka anapotaniwa na mkubwa.

Ila siku moja alikuja mpaka kwenye meza ya mzee, akasimama mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba kuuliza. Kwa nini kila siku ni nukta nne zile zile, tena upande ule ule? Programu ikikosea, si ingekosea hovyo, leo huku kesho kule? Naomba tulinganishe mstari wako na wangu."

Swali lilikuwa zuri. Ufukwe alijua kuwa ni zuri, kwa sababu lilimuudhi.

"Mstari huu," alisema kwa sauti iliyofika meza zote, "nimeutumia tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Uulinganishe na nini? Na huo ulioletewa juzi?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko siku zote. Nukta akasema, "Samahani, mzee wangu," akarudi kwenye kiti chake. Hakuuliza tena.

Jumanne moja, mchana, wingu kubwa lilivimba magharibi ya ziwa, jeupe, zito, la kutisha hata kwenye skrini. Programu ya Nukta ililiweka juu kabisa ya mji wa stesheni, ulioko kilomita chache tu kutoka majini. Ufukwe akatazama mstari wake, akaguna, akasukuma nukta nne mashariki, na wingu likatua majini. Mtabiri akalisoma hapo lilipotua. Akapiga simu bandarini kivuko kisiondoke, na watu wa mji wa stesheni akawatangazia mawingu kiasi na vipindi vya jua.

Kivuko kilishinda gatini juani, abiria wakitukana kila aliyewahi kusomea hali ya hewa. Na mji wa stesheni ukapigwa mvua ya mawe. Upepo ulichukua paa la shule ya msingi watoto wakiwa darasani. Mwalimu mmoja aliwasukumia watoto chini ya madawati, yeye akaangukiwa na boriti na kuvunjika mguu, na watoto kadhaa walishonwa vichwa. Hakufa mtu. Hilo lilisemwa mara nyingi ofisini siku iliyofuata, na kila aliyelisema alilisema kwa sauti ya mtu anayejikosha.

Mkurugenzi aliwaita wote. Aliuliza swali moja tu.

"Kitu gani kimebadilika hapa tangu tuanze tahadhari za mji kwa mji?"

Macho yote yalikwenda kwa Nukta. Binti alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, shajara mapajani.

Hapo ndipo Ufukwe alipoinuka. Angeweza kukaa kimya, na hata huo ungekuwa ni uungwana wa aina fulani. Hakukaa kimya.

"Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kile kitu kina makengeza," alisema. "Watu wakadhani natania. Jana niliisukuma kama kawaida, kumbe ilitaka kusukumwa zaidi."

"Samahani," alisema Nukta. "Samahani sana. Nitaipitia upya yote."

Mkurugenzi alikata maneno. Programu izimwe, Mzee Ufukwe arudi kuweka picha kwa mkono, na binti akapumzike nyumbani mpaka Jumatatu, siku ambayo walikuwa wakae kuamua kama ataajiriwa au majaribio yake yaishie hapo. "Na wewe, mzee wetu," aliongeza, "siku hiyo nionyeshe kwenye skrini kosa liko wapi. Nataka kuliona kwa macho yangu, nisije nikamwonea mtoto wa watu."

Ufukwe alilipokea agizo hilo kama zawadi. Ijumaa anga ilikuwa safi, ziwa linaonekana lote, siku nzuri ya kumwonyesha mtu kosa. Aliwaza kwamba mkurugenzi atataka kitu kisichobishiwa, akatafuta vipimo vya wapima ardhi. Alianza na gati la kivuko, upande wa magharibi wa ziwa, mahali ambapo kila mtu anajua kuwa nchi kavu inaishia na maji yanaanzia. Akaandika latitudo na longitudo yake, akabonyeza, nukta nyekundu ikatokea.

Ikatokea nchi kavu. Gati lilikuwa limeota katikati ya mashamba, mbali na mstari wake mweupe, huko magharibi ambako hata chura hana maji.

Ufukwe akacheka kidogo, akaamini ameandika vibaya. Akaandika tena, taratibu, akitamka tarakimu. Gati likabaki mashambani. Akajaribu ukuta wa bwawa ulio kusini ya ziwa, kisha mnara wa taa ulio kwenye rasi ya kaskazini, kisha kile kisiwa cha katikati. Vyote viliukataa mstari, vyote kwa nukta nne, vyote upande wa magharibi. Mwishowe, kwa kidole ambacho hakikutaka, alifungua picha moja ya zamani kama ilivyotoka kwenye programu ya Nukta, kabla yeye hajaigusa. Gati likakaa palepale maji yanapoanzia. Ukuta wa bwawa ukakaa. Kisiwa kikakaa.

Masikio yakamwaka moto. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi, akapunguza mwanga wa skrini.

Alikumbuka sasa. Miaka ile setilaiti ya zamani ilipokuwa ikisogezwa kupisha nyingine, picha zote zilikuja zimehama kwa kipimo kimoja, asubuhi mpaka jioni, na yeye akachoka kuzisukuma. Siku moja kulikuwa na mpira, fainali, na yeye alitaka kuuwahi. Badala ya kusukuma picha, akausukuma mstari uzifuate. Ni kwa muda tu, alijiambia, akazima skrini na kukimbilia mpira. Setilaiti ikaja ikatengemaa, picha zikaanza kuonekana zimepotoka upande wa pili, naye akailaumu setilaiti. Kuanzia hapo alizisukuma kwa mkono, picha nzima zilizokuwa sawa, akazipotosha moja baada ya nyingine, na akajenga jina. Miaka yote hiyo tahadhari zilikuwa za mkoa mzima, na mkoa ni mkubwa, unameza makosa. Mji mmoja haukuweza kumeza.

Aliiwaza ile shule. Alimwaza mwalimu aliyevunjika mguu. Kisha akaona aibu ya pili, kwamba hao aliwawaza baadaye. Wa kwanza kumjia kichwani alikuwa yeye mwenyewe, na jinsi Mtabiri atakavyocheka.

Basi akafanya nini? Je, alikwenda kwa mkurugenzi? Wapi! Alirudisha mstari mahali pake, nukta nne magharibi, kimyakimya, akafuta alama zote nyekundu, akachukua koti lake na kutoka kwa mlango wa nyuma. Njiani alijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Si ameshatengeneza? Si picha zitakuwa sawa kuanzia sasa? Jumatatu atasema hakupata kosa kubwa, binti asamehewe, na mambo yataisha kiutu uzima.

Jumamosi alikuwa zamu, na mvua ikaja tena. Wingu lilisimama juu ya vijiji vya mlimani. Ufukwe aliiweka picha kwa mkono juu ya mstari ulionyooka, Mtabiri akawatangazia watu wa mlimani waondoe mifugo mabondeni, na mvua ikashuka palepale, kama imetumwa. Simu zikaanza kuingia. Safari hii hazikuwa za matusi.

Mkurugenzi alipiga mwenyewe. "Mzee wetu, hongera! Nimeuliza vijijini, wanasema mmelenga kama sindano. Basi sihitaji ushahidi mwingine. Programu imezimwa, binti yuko kwao, na picha imekaa. Kumbe tulikuwa tunajitafutia maradhi."

Ufukwe alifungua mdomo. "Ah, ni kazi tu, mama," alisema.

Alipokata simu, Mtabiri alimpiga bega, akamnunulia soda, akawaambia wote waliokuwa zamu kwamba kuna mikono ambayo kompyuta haitaipata. Ufukwe akainywa ile soda. Ilikuwa baridi na tamu. Ukarabati wake wa siri ulikuwa umegeuka ushahidi dhidi ya mtoto asiye na kosa, na yeye ndiye alikuwa akipigiwa makofi.

Jumapili mchana alikuwa sebuleni kwake, gazeti usoni, hasomi. Mkewe, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima, alikuwa dirishani anashona, pini mdomoni. Hodi ikabishwa. Alikuwa Nukta, amevaa nadhifu kama anayekwenda kwenye usaili, kompyuta yake ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mzee wangu. Shikamoo, mama. Samahanini kuwaingilia siku ya mapumziko."

"Marahaba, mwanangu, karibu ndani," alisema mke. Ufukwe alijibu kitu ambacho hakikusikika.

Binti alikaa, akafungua kompyuta mezani, akaigeuza imwelekee mzee. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia, na utulivu huo ulimtisha Ufukwe kuliko machozi.

"Nimelipata kosa langu," alisema. "Nimepitia programu yote, mstari kwa mstari, mwanzoni sikuona kitu. Nikasema haiwezekani, mzee kwa mkono wake anapata na mimi nakosa, lazima lipo. Nadhani ni matete. Upande wa magharibi ziwa lina matete mengi ukingoni, na yakilowa, programu inayaona kama maji. Kwa hiyo ukingo unavutwa magharibi. Nimeongeza nukta nne kuelekea mashariki. Tazama, sasa inalingana kabisa na ulivyokuwa ukiweka wewe."

Ufukwe akatazama. Ililingana kabisa. Mtoto yule alikuwa amechukua kazi iliyonyooka, akaipinda kwa mikono yake mwenyewe mpaka ikafanana na upotovu wake yeye, na sasa alikuwa akimwonyesha kwa heshima kama mwanafunzi anayeleta daftari lisahihishwe. Matete! Upande ule hapakuwa na matete ya kufunika hata nukta moja. Ufukwe alilijua ziwa lile, na binti naye angelijua, kama angekuwa bado anajiamini.

"Una uhakika?" aliuliza. Ndicho kitu pekee kilichomtoka.

"Sasa nina uhakika, mzee wangu. Kesho nitasimama niseme mbele ya wote kwamba kosa ni langu na nimelirekebisha. Naomba tu, kama utaona inafaa, uniunge mkono. Si lazima wanipe kazi. Ila nisiondoke na jina baya."

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, dogo tu, lingetoka kwa pumzi moja.

"Tutaona kesho, binti," alisema.

Nukta alimshukuru. Alimshukuru kwa dhati, akainama kidogo, akamuaga mama, akaondoka na kompyuta yake kifuani. Ufukwe alimsindikiza mpaka getini na kurudi akitazama viatu vyake.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkewe alikuwa ametoa pini mdomoni, akizichoma moja moja kwenye kitambaa bila kumtazama.

"Huyo mtoto kasema amekosea," alisema, "mbona wewe ndiye uliyeinamisha kichwa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, gati mashambani, fainali ya mpira, mstari, soda ya Jumamosi. Aliongea haraka haraka kama anayetapika, na alipomaliza alijihisi mwepesi kidogo, akamtazama mkewe apate japo neno la kumpoza.

"Sasa unaniambia mimi?" alisema mkewe. "Mimi ndiye niliyefukuzwa kazi?"

"Mke wangu, nimebakiza kidogo nistaafu. Miaka yote hii nimejenga heshima..."

"Heshima ipi? Hiyo uliyomvua mtoto wa mwenzio ukaivaa wewe?" Alikuwa hajapandisha sauti. "Mimi nikikata kitambaa vibaya, simwambii mteja kwamba ana mwili mbaya. Na wewe umemwambia, mpaka ameamini. Umemwona alivyokuja hapa? Ameamini."

Akarudisha pini mdomoni, akakanyaga cherehani. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Jumatatu asubuhi walikaa kwenye chumba cha mikutano, mkurugenzi, Mtabiri, bwana mmoja wa utumishi aliyekuja na uso wa mazishi, Ufukwe, na Nukta. Ufukwe alikuwa amekula kiapo njiani kwamba ataongea wa kwanza. Mkurugenzi akasema, "Tuanze na binti," naye akashukuru moyoni, akakaa. Huo ndio ulikuwa ujasiri wake.

Nukta akasimama. Akaeleza matete. Akaeleza vizuri, kwa picha na kwa michoro, na kila alipotamka "kosa langu" alilitamka wazi, bila kulimung'unya. Bwana wa utumishi alitikisa kichwa kwa huruma. Mtabiri alikwepa macho yake. Ufukwe alisikiliza, akisubiri apate mahali pazuri pa kuingilia, na kila mahali palipopita aliona si pazuri. Binti alikuwa amefika mwisho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuongeza zile nukta nne ili wote waone.

"Hakuna matete," alisema Ufukwe.

Alisema chini chini, lakini chumba kizima kilisikia. Akainuka, akaenda kwenye skrini.

"Hakuna matete na hakuna kosa. Programu yake ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mstari wangu ndio uliokuwa umehama. Niliuhamisha mimi." Akaandika vipimo vya gati, akawaonyesha mstari ulivyokuwa na mstari ulivyo. Akataja na mpira. Alitaka kuuruka mpira, aseme tu alikuwa amechoka, lakini akilini alimwona mkewe na pini zake, akautaja. "Jumanne programu ililiweka wingu juu ya mji wa stesheni. Mimi ndiye niliyelitoa nikalipeleka majini."

Wa kwanza kusema alikuwa Mtabiri, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakuwa na utani.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Nimeitwa mwongo sokoni, nimezomewa harusini kwa dada yangu. Nikawa nasema ni upepo umegeuka. Kumbe ulikuwa ni wewe."

"Ni mimi," alisema Ufukwe.

Alijiandaa kwa radi. Alitamani radi. Lakini mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo, maana hakuna kinachomfurahisha mkubwa wa ofisi kama tatizo lililojipatia mtu wa kulibeba.

"Mzee wetu," alisema, "ni ubinadamu. Kukiri mbele ya watu si jambo dogo, na hilo mimi naliheshimu. Tutaandikia wizara, tutawaomba radhi watu wa stesheni, na programu iwashwe leo hii. Binti, ajira yako imepita, hongera sana. Limekwisha, jamani. Twendeni tukanywe chai."

Bwana wa utumishi alimshika Ufukwe mkono. Hata Mtabiri, akiwa bado amenuna, alimgusa bega alipompita. Viti vilisogezwa, watu wakaanza kuelekea mlangoni, na Ufukwe akasikia kitu cha moto kikipanda kifuani, akadhani huenda ndiyo ahueni. Alimgeukia Nukta amwombe radhi. Alikuwa ameyaandaa maneno.

Nukta hakuwa ameinuka. Alikuwa anaitazama skrini, yule mstari wa zamani na ule wa sasa.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Binti, mimi..."

"Nauliza tu, mzee wangu. Ulijua lini?"

"Ijumaa," alisema Ufukwe.

Mkurugenzi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Kwa hiyo jana, nilipokaa sebuleni kwako nikakuonyesha kosa langu, ulikuwa unajua kwamba sina kosa."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniuliza kama nina uhakika."

"Nilikuuliza."

Nukta akaitikia kwa kichwa, polepole. Akavuta kibodi upande wake, akaanza kuzifuta zile nukta nne kwenye programu yake, mahali pamoja baada ya pengine, na kila alipofuta alirudi kuhakikisha, mara ya pili na ya tatu, kama mtu asiyeyaamini tena macho yake. Hakuna aliyekwenda kunywa chai. Walisimama pale mlangoni wakimwangalia binti anavyorudia kukagua kazi ambayo haikuwa na kosa, na Ufukwe alisimama katikati ya chumba, na hakuna aliyemwambia akae.